Damu ya Momiji

Ng'ombe ishirini na tisa walikuwa wauawe Alhamisi saa tatu asubuhi, na leo ilikuwa Jumanne. Inspekta Monma Chikage aliisoma tena barua ya mkoa akiwa garini, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Siku mbili," alisema.

"Moja na nusu, bosi." Sajini Kusano alizima injini. "Nusu tumeimaliza stesheni tukingoja mashine itapike kahawa yako."

"Shuka, maneno mengi wewe."

Zizi la Hangai Tome lilikaa juu ya kilima nje ya mji wa Namie, na mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, bibi wa miaka sabini na minne, buti za mpira miguuni, taulo kichwani. Baada ya ile ajali ya kinu cha nyuklia, miaka kumi na miwili iliyopita, serikali iliamuru ng'ombe wote wa eneo lile wauawe. Tome alikataa kutia saini. Aliwakatalia maofisa, wa kwanza hadi wa mwisho, mpaka chuo kikuu kikaja kusema kitawachunguza damu, na mkoa ukampa kibali cha kuwafuga kwa ajili ya utafiti tu. Sharti lilikuwa moja: ng'ombe walishwe majani yaliyonunuliwa nje, wasikatiwe hata shuke moja la mteremko uliozungushiwa kamba kwa sababu ya mionzi.

Sasa damu ya ng'ombe watatu ilikuwa imeharibika ghafla, na barua isiyo na jina ilikuwa imefika mkoani ikisema kwamba bibi anawakatia nyasi za mteremkoni. Kibali kikafutwa. Monma alitumwa kuthibitisha kosa, si zaidi ya hapo.

"Mmekuja kunywa chai au kunifunga?" Tome aliuliza.

"Kwanza chai, bibi," Monma alisema. "Umekata nyasi za mteremkoni?"

"Nimekata."

Kusano alikohoa. Hakutegemea jibu lije upesi hivyo.

"Lini?"

"Mwisho wa Septemba, usiku wa kuutazama mwezi, ambao huwekewa mashuke ya nyasi. Wewe mwezi unauwekea nini, plastiki? Nilikata mashuke meupe kumi na tano, nikayatia kwenye chupa pale kwenye jiwe." Alionyesha kwa kidevu jiwe dogo la kaburi la wanyama, kando ya zizi, lenye kikombe cha maji mbele yake. "Yalipokauka niliyatupa darini. Nenda kayahesabu."

Kusano alipanda ngazi, akahesabu, akashuka na utando wa buibui kwenye nywele. "Kumi na tano. Hakuna lililotafunwa."

"Bua moja tu ni kuvunja sharti, bibi," Monma alisema.

"Basi nifunge mimi. Ng'ombe wangu Momiji kakosa nini?"

Monma alinyoosha mkono. Aliomba kuona daftari.

Kila mtu aliyerudi kuishi upande ule ana daftari. Kipima mionzi kimetundikwa nguzoni, saa moja asubuhi unakisoma, unaandika namba na hali ya hewa, ndipo unakwenda kula. Tome alikuwa na madaftari kumi na moja. Monma aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua la mwaka huu, akateremka na kidole. Mwandiko wa bibi ulikuwa wa kutetemeka na namba zake hazikutulia: leo sifuri nukta thelathini na nane, kesho thelathini na sita, mvua ikinyesha arobaini na moja, kisha thelathini na saba. Alifika Oktoba, kidole kikasimama.

Ijumaa tarehe kumi na tatu: thelathini na saba. Jumamosi: thelathini na saba. Jumapili: thelathini na saba, mvua kubwa. Mwandiko ulikuwa mzuri, umenyooka.

"Huyu nani?"

"Shigeharu, mtoto wa marehemu kaka yangu. Nililazwa siku tatu, nikasafishwa jicho. Yeye ndiye aliyelisha ng'ombe. Hata betri za kipimo alinibadilishia, nilirudi nikakuta mpya." Tome alijifuta uso kwa taulo. "Mtoto mzuri yule, sema mdomo wake ni wa kuuza ardhi tu. Kuna watu wa mitambo ya umeme wa jua wanakitaka kilima hiki, na yeye ndiye dalali wao. Nimemwambia angoje nife."

Monma aliupiga picha ukurasa ule.

*

Daktari Arakida wa chuo kikuu alikuja saa nne, kama kila Jumanne, na kisanduku chake cha barafu. Alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini, mkali, asiyependa polisi wala salamu ndefu. Ng'ombe waliingizwa kwenye kibanio cha kuwashikilia mmoja mmoja kwa namba za hereni zao, naye akawatoa damu shingoni huku akiwabembeleza kwa sauti ambayo binadamu hawakuwahi kuisikia kutoka kwake.

"Nieleze kama unamweleza mjinga," Monma alisema.

"Hilo halitakuwa kazi ngumu."

"Haya, nimelipokea. Endelea."

Daktari aliinua kichupa kwenye mwanga. "Humu mna seli nyeupe. Ni askari wa mwili. Askari wenyewe wana vikosi, na kuna kikosi kimoja kinaitwa limfosaiti. Ndicho kinachokumbuka maradhi ya zamani na kuyapiga yakirudi. Sasa, mionzi mikali ikimpiga mnyama, kikosi hicho ndicho kinachokufa kwanza. Siku moja, siku mbili, kimekwisha. Vikosi vingine hukawia, vinashuka baada ya wiki kadhaa."

"Na nyasi za mteremkoni?"

"Nyasi!" Daktari aliguna. "Miaka kumi na miwili nawapima hawa. Walipokuwa wanakula nyasi hizo kweli, mwaka wa kwanza, kabla ya kibali, hesabu yao haikuanguka namna hii. Mionzi ya nyasi ni kidogo kidogo, kama matone ya bomba bovu. Hii sasa mtu kapindua ndoo. Tarehe kumi Oktoba, Jumanne, Momiji alikuwa na limfosaiti elfu tano na mia moja. Jumanne iliyofuata, elfu moja na mia mbili. Wiki iliyopita hata vikosi vingine vilikuwa vimeanza kushuka, kwa zamu yao, kama kitabu kinavyosema."

"Virusi?"

"Virusi vya damu ya ng'ombe huipandisha hesabu hiyo. Havishushi. Nilipima, hana."

"Uliwaambia mkoa?"

"Niliandika kurasa kumi na nne. Walisoma mstari mmoja: damu imeharibika kwa mionzi. Hapa kwetu ukishasema mionzi, nani atauliza ya wapi?"

Monma alinyanyua uso. Sentensi hiyo aliiandika kama ilivyo.

"Nipe namba za hao watatu."

"Nne, kumi na saba na ishirini na sita. Hapo ndipo ninapokwama. Kama kuna kitu kiliwapiga, kwa nini huyu na yule, na wa katikati yao wazima? Ishirini na sita kaanguka, ishirini na tano hana neno."

"Wewe unawajua wakiwa kwenye kibanio. Wakilala, wanalala kwa namba?"

Daktari alikitia kichupa kwenye barafu.

"Bibi!" Monma aliita. "Hebu nionyeshe kila mmoja anafungwa wapi."

Tome aliangua kicheko. "Kwa namba? Ng'ombe ni wanajeshi? Kikuyo na mkwe wake hawaelewani, nawatenganisha. Momiji ni kumi na saba, naye halali bila dada yake. Yule wa nne ni mama yao, mzee, anataka ukuta usiopitisha upepo. Njoo."

Walikwenda hadi ukuta wa kaskazini. Kusano alikuwa na kipande cha chaki, akaandika namba sakafuni mbele ya kila kizimba kadiri bibi alivyotaja. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili.

"Lahaula," alisema.

Nne, kumi na saba, ishirini na sita. Watatu bega kwa bega, Momiji katikati, na hesabu ya Momiji ndiyo iliyoanguka kuliko zote. Daktari alichuchumaa, akachora duara kwa chaki kuzunguka vile vizimba vitatu.

"Kilikuwa hapa," alisema. "Nyuma ya mbao hizi. Kitu kidogo, kikali sana. Miaka yote hii nakuja, sijawahi kuuliza wanalala wapi!"

"Sasa umeuliza," Monma alisema. Alikwishapita kwenda nyuma ya ukuta. Kulikuwa na rafu ya zana, upana wa kiganja, kimo cha ubavu wa ng'ombe. Kusano alipitisha kipima mionzi cha mkononi juu yake, namba haikupanda. Palikuwa pakavu, pamefagiwa. Rafu nyingine zote zilikuwa na vumbi.

"Kimeondolewa, bosi. Mahakamani tutasema nini? Rafu safi kupita kiasi? Mke wangu angekuwa jela zamani."

Monma alirudi ndani, akasimama mbele ya Momiji. Ng'ombe alikuwa mweusi, amekonda kidogo, na alikuwa analamba jiwe la chumvi lililoning'inia kwa kamba mbele yake. Monma alimtazama akilamba.

"Bibi, mawe haya uliyaweka lini?"

"Tarehe mosi Oktoba. Kila msimu naweka mapya, yote siku moja, wasioneane wivu."

"Daktari, niliwahi kusikia kwamba chumvi hutunza mionzi."

Arakida alimgeukia polepole. "Hutunza. Ikipigwa, inaiweka ndani, na ukiimulika maabara inaitoa kwa mwanga. Lakini jua likiigusa husahau."

"Na katikati ya jiwe jua halifiki."

"Halifiki," Daktari alisema, na kwa mara ya kwanza alimpa polisi heshima ya kumtazama machoni. "Niletee blanketi jeusi na msumeno. Mtu asifungue mlango."

Walikata mawe kumi, matatu ya ukuta wa kaskazini na saba ya kwingineko, chini ya blanketi, kwa tochi ndogo nyekundu. Vipande vya katikati vilifungwa kwa karatasi ya fedha na kuandikwa namba za vizimba. Momiji alilalamika kuchukuliwa chumvi yake, Tome akamwahidi nyingine.

*

Hangai Shigeharu alifika saa tisa na wavu wa machungwa madogo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mtanashati, na kazi yake ilikuwa kupiga picha za mionzi viungo vya mabomba ili kuona kama vimechomelewa sawasawa, kwenye kampuni moja ya Iwaki. Aliinamia wageni vizuri.

"Nimesikitika sana, Inspekta. Shangazi ni mkaidi. Nilimwambia nyasi zile zitamponza."

"Ulimwona akizikata?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi nimejua leo tu, na alikata za kuuwekea mwezi. Kila mtu amejuaje?"

Shigeharu alitabasamu, akamenya chungwa kwa mkono wa kulia, kwa kidole gumba tu. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya glavu ya pamba. Tome aliweka vikombe vya chai ya moto mezani. Wote walishika kwa mikono miwili. Shigeharu alikiacha chake kipoe.

"Umeumia?" Monma aliuliza.

"Mafuta ya kukaangia. Uzembe wangu."

"Pole. Ile wikiendi uliyolisha ng'ombe, kuna mgeni alikuja zizini?"

"Hakuna. Mimi peke yangu, Ijumaa hadi Jumapili."

"Kipimo ulikisoma kila asubuhi?"

"Saa moja kamili. Shangazi angeniua nisiposoma."

"Asante. Ni hayo tu."

Aliposhuka kilimani, Kusano alimgeukia Monma. "Tunamwacha hivihivi? Bosi, yule mkono..."

"Mkono ataupatia maelezo. Anaweza hata kukuletea sufuria. Nataka kitu asichoweza kukieleza. Nenda Iwaki. Nataka daftari la kampuni la kutoa na kurudisha vifaa, Oktoba tarehe kumi na mbili hadi kumi na sita. Halafu uliza jambo moja zaidi: wanaofanya kazi hiyo hupimwa damu lini."

*

Jumatano saa nane mchana walikutana tena zizini. Kusano alikuwa amekesha, ndevu zimemwota. Daktari alikuja na karatasi moja tu safari hii. Shigeharu aliitwa, akaja amevaa suti, na fomu ya kuuza kilima ilikuwa inachungulia kwenye mkoba wake. Tome alikaa juu ya ndoo yake, akiwa na kamba ya Momiji mkononi.

"Nitasema, na wewe utanikatiza nikikosea," Monma alimwambia Shigeharu. "Alhamisi tarehe kumi na mbili ulitoa kifaa cha kazi Iwaki. Ndani yake kuna punje ya iridiamu, madini yenye mionzi mikali, ndogo kuliko punje ya mchele, imefungiwa ndani ya kasha la risasi. Ulisema ni kazi ya Jumapili. Kazi hiyo iliahirishwa kwa sababu ya mvua. Kifaa ulikirudisha Jumatatu."

"Kilikaa kwenye gari. Ni kosa la ofisi, nakubali."

"Daktari."

Arakida alisoma bila kupamba. "Chumvi ya vizimba saba: hakuna kitu cha ajabu. Chumvi ya mama yao na ya dada yake: imepigwa. Chumvi ya Momiji: imepigwa mara mbili na nusu ya hizo. Ukipiga hesabu, inalingana na damu zao watatu. Na mawe haya yametundikwa tarehe mosi Oktoba, kwa hiyo si ya ajali ya zamani."

Shigeharu alicheka kidogo. "Tuko Namie, Inspekta. Kila kitu hapa kina mionzi. Hata hilo jiwe la kaburi."

"Ndivyo ulivyotegemea," Monma alisema. "Kwamba huku hakuna atakayeuliza ya wapi. Mahali pengine popote, ng'ombe watatu wakipigwa, watu wangekimbilia kutafuta chanzo. Hapa wataulaumu mteremko na bibi kizee, hasa barua yako isiyo na jina ikifika. Ulihesabu vizuri. Ila hukuielewa damu. Damu inajua tofauti ya miaka kumi na miwili na siku mbili."

Alilifungua daftari na kuliweka juu ya marobota ya majani. "Na hukuielewa namba hii. Thelathini na saba, thelathini na saba, thelathini na saba, na Jumapili mvua kubwa. Muulize shangazi yako kama kipimo kimewahi kukaa hivyo."

"Hakijawahi," Tome alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hata siku moja, Shige."

"Ulipoiweka ile punje rafuni nyuma ya Momiji ulitoa betri za kipimo, kwa sababu kingepiga kelele mpaka barabarani. Ukaandika namba za kichwani, halafu ukaweka betri mpya."

"Ni maneno tu. Betri, chumvi, mvua!" Shigeharu alisimama. "Una shahidi?"

"Ninao wanne. Watatu wana hereni." Monma alichukua karatasi kutoka kwa Kusano. "Kampuni yenu hupima damu za wafanyakazi kila miezi sita, kwa sheria. Miaka tisa hukukosa hata mara moja. Safari hii kipimo kilikuwa Jumatano tarehe kumi na nane, siku tatu baada ya wikiendi yako. Ukaomba ruhusa. Umeahirisha mara mbili tangu hapo. Ulijua damu husema. Yako ukaificha, ya Momiji ukaiacha iseme, kwa kuwa ulidhani itasema ulichotaka wewe."

Kusano aliweka hati ya mahakama ya kumpima damu juu ya marobota, na Daktari akaweka sindano kando yake.

"Vua glavu," Monma alisema.

Shigeharu aliivuta glavu kwa mkono wa kulia, taratibu, na Tome akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Ncha za vidole vitatu zilikuwa zimevimba na kuwa za zambarau, ngozi imechanika na maji yanatoka.

"Koleo liliteleza," alisema. Suti ilionekana kumpwaya ghafla. "Sekunde chache tu nilipokuwa nairudisha ile punje kashani. Shangazi, sikutaka wafe kwa maumivu. Nilitaka watatu tu damu ishuke, mkoa uje, yaishe. Ungekufia humu, peke yako, na mavi ya ng'ombe. Ni ng'ombe tu! Hawauzwi, hawaliwi, wanafugwa wa nini?"

"Wanafugwa kwa sababu wako hai," Tome alisema. "Bibi yake Momiji ndiye aliyekulipia shule."

Monma alikuwa tayari kwenye simu na mkoa. Aliongea kwa dakika nne bila kupandisha sauti, akitaja namba za vizimba, chumvi, tarehe, na mara tatu alirudia neno moja: sitisha. Wa upande wa pili alitaka barua. "Utaipata saa kumi na moja," Monma alisema. "Lori likionekana kilimani kesho, nitalikamata kama la kuharibu ushahidi. Ishirini na tisa wote ni ushahidi wangu." Akakata.

"Wote?" Tome aliuliza.

"Wote, bibi. Hakuna atakayewagusa."

Tome aliinama, akaweka paji la uso wake kwenye shingo ya Momiji, akalia waziwazi, bila kujificha. Daktari alijifanya anatafuta kitu kwenye kisanduku chake.

Kisha Arakida alimfunga Shigeharu mpira mkononi na kumtoa damu, kwa mkono uleule uliozoea shingo za ng'ombe. Safari hii hakubembeleza. Shigeharu alikitazama kichupa kikijaa.

"Nitakufa, Daktari?"

"Ukitibiwa leo, hapana. Vidole, sijui."

"Na nisipo..." Alimgeukia shangazi yake, lakini macho hayakumfika. "Wataniacha nife tu, si ndiyo? Mtu kama mimi."

Tome alijifuta uso kwa taulo. Alikwenda kwenye beseni, akachovya kitambaa safi kwenye maji baridi, akarudi, akakiviringisha kwenye vile vidole polepole, asimuumize.

"Watakutibu," alisema. "Kwenye zizi hili hatujawahi kumuua mgonjwa."

Kusano alimshika Shigeharu kiwiko cha mkono mzima, wakatoka. Tome alingoja hadi gari likateremka kilima chote. Halafu alichukua jiwe jipya la chumvi, akalifunga kamba, akamtundikia Momiji, na Momiji akaanza kulamba.